Pua Mbili, Kiti Kimoja

Koti langu jeupe nimelirudisha stoo. Mtunza stoo alilipokea kwa heshima zote, halafu akalipekua mifuko kana kwamba nimekuwa nikiondoka na sangara miaka yote hii. Vijana wa maabara mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi yangu, mpate la kujifunza. Sawa, nimekaa, naandika. Vyeo sitavisema kwa sababu mliviona mlangoni. Mshahara nao sitausema, maana ukuta wa ofisi yangu ulikuwa mwembamba na kila mwisho wa mwezi mlinisikia. Nitawaambia habari ya pua, na habari ya kiti kimoja cha chuo kikuu kilichoninyima usingizi nikiwa na umri kama wenu.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitokea kwetu Kisesa, mwendo mfupi kutoka Bujora. Nilikuwa na digrii moja, viatu vya kisigino na imani kwamba maabara ni mahali pasafi. Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ya bati kando ya ziwa. Nyuma yake yalikuwepo mawe yetu ya Mwanza yaliyopandana, na mbele yake ulikuwepo mwalo, ule ufuo ambapo mitumbwi hushusha samaki na watu hutukanana bei. Mkuu wa maabara alikuwa Mama Koku, Mhaya wa Bukoba, mrefu, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi. Alikuwa amesoma nje, na hakuna siku aliyotuacha tusahau.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Umekuja kazini au harusini?" Alikuwa anatazama viatu vyangu.

Nikapewa mabuti ya mpira ya kiume. Kila buti lingeweza kuchukua miguu yangu yote miwili na nafasi ikabaki ya mgeni. Nilitembea nayo mwaka mzima nikiburuta kama bata, na ndiyo maana hadi leo nikisikia kijana analalamika kuhusu mabuti nakosa huruma.

Siku hiyohiyo aliripoti mwenzangu, Magesa, Mjita wa Ukerewe. Alikuwa ameshuka na meli ya asubuhi kutoka Nansio, na mkononi ana mfuko wa machungwa. Mama Koku akachukua chungwa moja, akaligeuzageuza.

"Hii ni rushwa?"

"Hapana, mama. Ni machungwa tu."

"Basi niongeze lingine."

Nilicheka, Magesa akanigeukia, akayaona mabuti yangu, akacheka zaidi. Urafiki wetu ulianzia hapo, kwenye kuchekana, na haukuwahi kupata mlango mwingine. Yeye aliniita Bata, mimi nikamwita Rushwa. Wageni walidhani tunagombana.

Mchana wa siku ile Mama Koku akalaza sangara watatu mezani. "Nuseni," akasema. Nikainama kwa staha kama mtu anayenusa manukato ya mama mkwe. Akanisukuma kichwa taratibu. "Samaki hanuswi kwa adabu, binti. Fungua shavu, tazama matamvua. Yakiwa mekundu, mtoe shaka. Yakiwa ya kahawia, mwongeze shaka. Bonyeza nyama kwa dole gumba, uone kama inarudi. Halafu nusa. Mashine itakupa jibu keshokutwa, pua inakupa sasa hivi." Nawaambieni ninyi mliozoea mashine: umeme unakatika, pua haikatiki, isipokuwa kwa mafua.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja. Tukikagua shehena, kila mmoja ananusa peke yake, anaandika hukumu yake kwenye kipande cha karatasi, anakikunja na kumpa yeye. Kuzungumza hapana, kukunjiana nyuso hapana, hata kuguna hapana. "Ukimwona mwenzako amekunja pua, yako inaacha kufanya kazi," alisema. "Inafuata ya mwenzako kama kondoo." Wiki za kwanza alitusimamisha tukiwa tumepeana migongo. Tukazoea. Nadhani tulizoea kupita kiasi.

Ule ulikuwa wakati wa ruksa na soko huria. Maduka ya ushirika yaliyokuwa na rafu tupu yalifunga milango, na mitumba ikamwagika hadi barabarani. Viwanda vya minofu ya sangara vikaota kando ya ziwa upande wa Ilemela kama uyoga baada ya mvua, na ndege kubwa zikawa zinatua kuchukua minofu kwenda Ulaya. Aliyekuwa akiuza khanga jana, leo alikuwa na kiwanda cha samaki. Mmoja wao alikuwa Bwana Hasmukh, wa familia ya Kihindi iliyofanya biashara Mwanza tangu enzi za babu yake. Alikuwa mcheshi, mwenye haraka, na alikuwa akitukana kwa Kisukuma fasaha kuliko cha kwangu.

Siku moja lori lake lilileta sangara wa kupendeza kabisa. Macho yanang'aa, matamvua mekundu. Tukanusa, tukaandika, tukakunja. Mama Koku akafungua karatasi. Mimi nilikuwa nimeandika, "Wanafaa kuwashia taa." Magesa alikuwa ameandika, "Mafuta ya taa yenye ladha ya samaki." Kumbe wavuvi walibeba pipa la mafuta ya taa kwenye mtumbwi uleule, likavuja.

"Mmepanga!" akafoka Bwana Hasmukh. "Hawa watoto wamepanga!"

"Wamepeana migongo tangu asubuhi," akajibu Mama Koku. "Leo hata salamu hawajapeana."

Bwana Hasmukh alitutazama mmoja mmoja, akamnusa samaki mwenyewe, akakohoa, akaamuru lori lirudi. Tangu siku hiyo, akitaka sato wa kula nyumbani kwake, alituita sisi tumchagulie. Watu wa mwaloni wakatubatiza Pua Mbili. Magesa alidai kwamba ile kubwa ni yangu.

Sasa nije kwenye kiti.

Asubuhi moja Mama Koku alituita ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Wanunuzi wa Ulaya wameanza kuuliza maswali magumu," akasema, "na serikali imeanza kupunguza watu. Wakifika hapa kupunguza, mwenye digrii moja atapewa barua ya shukrani na nauli. Ombeni shahada ya pili, na muombe sasa." Mimi nilikuwa na ajira ya kudumu, angalau kwa jina. Magesa alikuwa kwenye mkataba wa muda, na wenye mikataba ya muda ndio walioanza kufagiliwa kila mahali. Alilichukulia kwa mzaha kama kawaida yake. "Nitarudi Nansio nikanuse machungwa," akasema. Lakini nilimwona mkono wake ulivyokuwa unakunja na kukunjua pindo la koti.

Mimi niliomba vyuo viwili. Kimoja cha hapa nchini, nitakiita Chuo cha Nyumbani, na kingine Uholanzi. Magesa aliomba cha Nyumbani tu. Alisema fomu ya Uholanzi ilimuuliza hupenda kufanya nini wakati wa mapumziko, akaona hawa watu hawana shida za kutosha.

Majibu yalipokuja, Chuo cha Nyumbani kilikuwa kimenichukua pamoja na ufadhili, na kilitaka jibu langu kabla ya mwisho wa mwezi. Uholanzi waliandika kwa lugha tamu kwamba maombi yangu yamewavutia mno, ila nafasi zimejaa, kwa hiyo wameniweka kwenye orodha ya kusubiri. Magesa naye aliwekwa kwenye orodha ya kusubiri ya Chuo cha Nyumbani, akiwa wa kwanza.

Aliitangaza habari hiyo wakati wa chai, amesimama juu ya kiti. "Ndugu wananchi, timu imejaa. Mimi nimevaa jezi na nimekaa benchi. Bata akivunjika mguu, naingia uwanjani!"

Chumba kizima kilicheka, na mimi nilicheka, halafu nikapiga hesabu. Kwa fani yetu ya samaki kulikuwa na kiti kimoja tu chenye ufadhili. Kiti ambacho Magesa alikuwa anakisubiri kilikuwa ni kile nilichokalia mimi.

Mkisema ningekubali cha Nyumbani nikamaliza kazi, mnasahau kitu. Uholanzi walikuwa na somo zima, mwaka mzima, la jinsi ya kuwafundisha watu kutambua ubora wa chakula kwa pua, ulimi na vidole. Fikirini! Kitu ambacho Mama Koku alitufundisha kwa kutusukuma vichwa, wao wamekiandikia vitabu. Nilikitaka kile chuo kama mjamzito anavyotaka udongo. Basi ikawa ni kuchagua. Nikikubali cha Nyumbani, nina uhakika, na Magesa anabaki benchi. Nikikiacha, Magesa anaingia, na mimi nabaki na maneno matamu ya Waholanzi.

Nikaomba ushauri, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu nilipewa. Nilikwenda Kisesa. Baba alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Huko Uholanzi kuna ng'ombe?"

"Wapo, baba. Wengi sana."

"Wanatoa maziwa?"

"Wanasifika dunia nzima."

"Basi subiri," akasema, na kwake kikao kikawa kimekwisha.

Mama aliyekuwa anapepeta mchele akadakia kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Baba akamjibu kwamba subira yavuta heri. Mama akasema ngojangoja yaumiza matumbo. Nikawaacha hapo wakirushiana methali, nikagundua kwamba wahenga walikuwa wajanja sana: waliacha methali pande zote mbili za barabara, ili popote utakapoangukia wawe walikuonya. Bwana Hasmukh ndiye aliyekuwa mfupi wa maneno kuliko wote. "Dada Minza, mali iliyoko dukani ndiyo mali. Iliyoko melini ni hadithi."

Mwishoni nilipata wazo nililoliona la kijanja, nikalipeleka kwa Mama Koku.

"Mama, kwani siwezi kukubali cha Nyumbani, huku naendelea kusubiri cha Uholanzi? Kikija, naondoka."

Akavua miwani. "Wewe enzi za foleni ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa shule ya bweni."

"Basi hujui habari za mawe. Sisi tulikuwa tunaweka jiwe kwenye foleni ya sukari, tunakwenda kupanga foleni ya sabuni. Jiwe linasimama badala yako. Siku moja niliweka langu, sabuni ikachelewa. Mwenye duka la sukari alikuwa mtu wa kanuni, anapima kwa kufuata foleni, watu na mawe sawasawa. Fungu la jiwe langu akaliweka pembeni, likalala pale hadi wanafunga. Nyuma ya jiwe langu kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni. Zamu yake ilipofika, gunia limekwisha. Nilikutana naye njiani akirudi na mfuko mtupu. Akanisalimu vizuri tu, hakujua jiwe lilikuwa la nani."

"Kwa hiyo unasema nikiache?"

"Sijasema ukiache wala usikiache. Ungekuwa unataka kuambiwa, ungemuuliza baba yako." Akarudisha miwani. "Nimekuambia tu kwamba nyuma ya jiwe huwa kuna mtu."

Mtu wangu wa nyuma ya jiwe nilikuwa nanusa naye samaki kila asubuhi.

Wiki ile tulitumwa mwaloni mimi na Magesa kukagua barafu. Tulikaa juu ya jiwe tukingoja mitumbwi, jua limeanza kuchoma, korongo wanaokota dagaa walioanikwa na hakuna anayewafukuza. Ilikuwa nafasi nzuri kabisa ya kuzungumza kama watu wazima.

"Umeshaamua?" akauliza.

"Bado. Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

"Ningekuwa wewe ningenunua kwanza mabuti ya saizi yangu."

Tukacheka. Nikajaribu tena. "Magesa, na wewe je? Ukikosa?"

"Mimi? Mimi mtu wa visiwa, nitaelea."

Tukacheka tena. Halafu kila mmoja akatazama maji. Nilikuwa na maneno mdomoni. Najua sasa kwamba hata yeye alikuwa nayo. Lakini kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, kwa mzaha tuliambiana kila kitu, na kwa uzito hatukuwahi kuambiana lolote. Hukumu yoyote ya maana tulikuwa tumefundishwa kuitoa tukiwa tumepeana migongo.

"Barafu ya leo nzuri," akasema.

"Nzuri," nikasema.

Siku chache baadaye nikaenda posta nikatuma barua ya kukiacha kiti cha Nyumbani. Msinivike utukufu nisiostahili. Nusu ya moyo wangu ilifanya vile kwa ajili ya Magesa, na nusu nyingine ilikuwa tayari Uholanzi inakamua ng'ombe. Kama Uholanzi isingekuwepo kabisa, sijui ningefanya nini, na sitajifanya najua. Nikatoka pale. Nikanunua mihogo ya kukaanga, nikaila yote nikiwa nimesimama, pilipili ikanipa kisingizio cha kutokwa na machozi.

Magesa sikumwambia. Nilimjua, angekataa. Angesema hawezi kuingia chuo kwa huruma ya Bata. Nikaona bora chuo chenyewe kimwandikie, afurahi, adhani ni bahati yake. Siku zilizofuata nilikuwa namvizia usoni wakati wa chai, nione kama barua imefika. Na kweli, nikamwona amechangamka! Anapiga mluzi, anawabebea wenzake ndoo za barafu, ananitazama kwa jicho la upole ambalo sikuwahi kuliona. Nikajisemea, amepata. Nami nikachangamka kwa ajili yake.

Halafu Waholanzi wakaandika. Lugha ilikuwa tamu kuliko ya kwanza, nikajua mambo yameharibika kabla sijafika katikati. Orodha ya kusubiri imefungwa, wananitakia kila la heri. Niliikunja ile barua, na katika kuchanganyikiwa nikaiingiza kwenye kabati la joto, lile tunaloweka sahani za kuoteshea vijidudu. Mama Koku aliikuta asubuhi. "Hii unataka iote?" akaniuliza. Kisha akaisoma, akanishika bega, na siku nzima hakunituma popote. Nililia chooni, nikanawa uso, nikajiambia kwamba angalau mmoja wetu amepona.

Siku iliyofuata, mchana, nikamwendea Magesa na kifurushi. Nilikuwa nimezunguka kwenye mitumba nikapata sweta nzito ya sufu, maana Chuo cha Nyumbani kiko chini ya milima na asubuhi kuna baridi, na mtu wa visiwa hajui baridi. Nikamkuta mlangoni mwa chumba cha chai, anasukuma sanduku la bati jipya, la buluu, na juu yake fundi rangi ameandika MINZA kwa herufi nyeupe.

"Hongera," nikasema, nikimkabidhi sweta.

"Hongera wewe," akasema, akanisogezea sanduku. "Safari njema."

"Safari njema wewe. Hili sanduku la nini?"

"La kwendea chuoni. Sweta ya nini?"

"Ya kuvaa chuoni."

"Nani anakwenda chuoni?"

"Wewe!"

"Mimi nakwenda na nini? Mimi nilijitoa."

"Ulijitoa lini?"

"Baada ya ile siku ya barafu. Nilikuona unavyonitazama wakati wa chai, unanitazama kama samaki aliyecheleweshewa barafu. Nikasema, huyu atafanya ujinga kwa ajili yangu. Nikawaandikia chuo waniondoe kwenye orodha, nina matatizo ya kifamilia. Ili ukae kwenye kiti chako kwa amani."

"Magesa, kiti nimekiacha!"

"Umemwachia nani?"

"Wewe!"

"Mimi sipo!"

Sauti zetu zilimtoa Mama Koku ofisini. Alisikiliza upande mmoja, akasikiliza upande wa pili, akakaa juu ya sanduku la bati na kucheka hadi miwani ikaruka na uzi wake. Alipomaliza kucheka, akakasirika, na kukasirika kwake kulikuwa kukubwa zaidi. "Niliwaambia mnuse peke yenu!" akafoka. "Sikuwaambia muishi peke yenu! Samaki ndiye asiyeulizwa, kwa sababu hasemi. Ninyi mna midomo!" Akatuburuta hadi posta, akapiga simu chuoni kwa pesa yake, sauti yake ya kusoma nje imepanda hadi juu. Karani wa upande wa pili akamjibu kwa furaha kabisa kwamba tusiwe na wasiwasi, kiti kimeshapata mtu mwingine.

Tulirudi kwa miguu, watatu, mpaka tukafika sokoni. Pale Magesa akavaa ile sweta. Mwanza, mchana, jua la utosi. Akaivaa wiki nzima kazini jasho likimtiririka, na kila aliyemuuliza sababu alijibiwa, "Niko chuoni." Nilimpenda sana rafiki yangu wiki ile, na sikumwambia, kwa sababu wakati huo nilikuwa bado sijajifunza vizuri.

Wapunguzaji wa kazi walifika kweli, wakiwa na tai na mafaili. Mama Koku aliwaonyesha mashine yetu kubwa, iliyokuwa mbovu mwaka huo wote, na barua za kuomba vipuri ambazo hazikujibiwa. Akawaambia kwamba minofu yote iliyopanda ndege mwaka ule ilipitishwa na pua mbili, na kama wanataka kupunguza pua, wachague wenyewe ni ipi na watie sahihi. Walikunywa chai wakaondoka. Magesa akapewa ajira ya kudumu kabla ya Krismasi. Miaka iliyofuata kila mmoja wetu alipata shahada yake ya pili, kwa zamu, baada ya kukaa mezani na kuulizana kwa sauti kubwa: unataka? kweli unataka? unanidanganya? Watu wa chumba cha pili walilalamika juu ya kelele.

Mama Koku alistaafu akarudi Bukoba, na hatuko naye tena duniani. Kila nilipomsukuma mtu kichwa juu ya samaki, aliyekuwa anasukuma ni yeye.

Na sasa nifike kwenye sherehe yangu ya kuagwa, mliyoiandaa vizuri mno, pilau haikuungua. Wengi wenu mlikuwepo. Mkuu wetu wa sasa, Dokta Upendo, aliyehamishiwa kwetu miaka hii ya karibuni, alisimama kutoa hotuba. Mlidhani anatoa hotuba ya kawaida. Alisema angependa kueleza jinsi alivyoingia kwenye kazi hii, kwa sababu haikuwa kwa ujanja wake. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha maziwa, kiwanda kikafungwa, akawa anauza vitumbua kituo cha basi. Alikuwa ameomba chuo, fani ya samaki, yenye kiti kimoja, akawekwa wa pili kwenye orodha ya kusubiri. "Wa pili kwa kiti kimoja!" akasema. "Nilikuwa nimeshawaambia wazazi kwamba shule basi. Halafu nikaitwa. Karani akaniambia aliyepata ameacha, na aliyekuwa mbele yangu naye amejitoa, wote kwa mpigo. Sikuwajua, hata majina sikuuliza. Lakini kila Jumapili, mpaka hii iliyopita, huwa nawataja watu wawili wale mbele za Mungu. Popote walipo, nasema, wasipungukiwe."

Mlipiga makofi. Mimi nilishindwa. Magesa alikuwa kiti cha jirani, mstaafu wa siku nyingi, mvi tupu. Alikuwa ameacha kutafuna. Machozi yalimtoka, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipozika mama yake. Nikafungua mdomo ili niseme, akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Nyamaza, Bata," akanong'ona. "Ukimwambia, ataacha kutuombea."

Nikanyamaza. Lakini sasa niko nyumbani, sina bosi, na nimechoka kuwa na maneno mdomoni. Dokta Upendo, najua utasoma haya kabla hayajabandikwa ubaoni, kwa sababu wewe husoma kila kitu. Watu wale wawili ni sisi. Usitushukuru sana, hatukukupa kiti, tulikiangusha tukigombea kupishana. Ila kwa miaka mingi tuliamini kwamba ule ulikuwa upumbavu mkubwa kuliko wote tuliowahi kufanya, na siku ile umetuondolea hilo. Jumapili usituache. Na Magesa mwombee mara mbili, kwa sababu ana kisukari, na wewe ulipokuwa unaendelea na hotuba, alijifuta machozi akamaliza keki yangu yote.